Ukakasi

Stergio, chupa zako zimebaki kumi na moja.
Leo nimeshuka ngazi za ghala kwa makalio,
ngazi moja, pumzi moja,
tochi nimeibana kwapani,
nikapapasa hadi nikaifikia ile ya mwaka wa mvua ya mawe.
Vumbi limeivalia koti. Sikuivua.

Unakumbuka ilivyokuwa changa?
Mnunuzi wa Thesaloniki aliionja akiwa wima,
kofia kichwani,
akaitema kwenye ndoo, akasema:
"Hii si divai. Huu ni ugomvi."
Na kweli ulikuwa ugomvi.
Ulimi ulikauka, mashavu yakavutana,
meno yakagoma kama nyumbu darajani.
Zabibu zenyewe zinaitwa Ksinomavro, chachu-nyeusi;
waliozipa jina hawakutaka kumdanganya mtu.

Hukumjibu. Ulisuuza glasi yake.
Usiku ukaanza kuzilaza chupa ubavuni, moja moja,
kama mtu anayelaza watoto wasio na usingizi.

Miaka ile jirani waling'oa mizabibu.
Thrasivoulos aling'oa. Mjomba wako Zisis aling'oa,
na mizizi akaichoma mbele ya kanisa ili tuone moshi.
Wakapanda mapichi, na mapichi yakawalipa:
trekta jekundu, paa jipya,
jino la dhahabu kwa mke wa Zisis, aliyecheka kwa kila kitu tangu hapo.
Nami nikakuuliza mezani, mama yako akisikia,
hiyo subira yako tutaila na mkate gani?
Nilisema na mengine. Unayajua.

Nikaenda kwa dada yangu Veria, majira mawili ya baridi,
nikitia mapichi kwenye makopo kiwandani,
vidole vikinuka sukari hata ndani ya glovu.
Kila Pasaka ulikuja na chupa moja ndani ya gazeti.
Tuliionja jikoni, tumesimama.
"Bado," ulisema.
Ukaondoka na basi la saa kumi.
Pasaka ya pili vilevile: gazeti, jikoni, bado.
Mimi nilirudi kabla haijawa tayari.
Hukuniuliza kwa nini, na ungeuliza nisingejua.

Kizibo kimekatika leo, nusu kimezama.
Nimeichuja kwa kichujio cha chai,
kile chenye tundu, hivyo nimeichuja mara mbili.
Nimeinua glasi kwenye taa.
Wekundu umeshaaga; umebaki wa tofali kuukuu,
naona vidole vyangu upande wa pili, na pete.
Inanuka waridi lililosahauliwa kwenye kitabu cha sala,
nyanya zilizoanikwa juu ya paa,
zeituni, na ngozi ya tandiko baada ya mvua.
Nani aliyeyaweka yote hayo humo?
Sisi tulitia zabibu tu, tena zilizopigwa na mawe,
kikapu kimoja pale tulipozoea vinne.

Na ukakasi, Stergio, haukwenda popote.
Ila haugongi tena mlango kwa ngumi.
Umeketi kwenye kiti cha pembeni, mgongo umenyooka,
mikono juu ya mapaja,
unasubiri kuulizwa.
Watu wa mjini wanauita umbuji, na wanaulipia.
Mimi nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Hasira yake haikuisha; iligeuka mfupa,
na mfupa huo ndio uliomsimamisha
kwenye theluji ya Vermio, mkasi wa kupogolea mkononi,
mwaka baada ya mwaka, bila kunitazama dirishani,
akijua nipo.

Mwana wa yule mnunuzi anapiga simu tangu Jumatatu.
Anazitaka zote. Anataja bei ya trekta.
Ana sauti ya adabu, nadhani huvua kofia.
Sijamwambia kwamba sasa ni kumi.

Simu inalia tena sasa hivi,
na mimi mdomo umekauka,
mashavu yamevutana kidogo, kama zamani.
Iache ilie.
Kwanza nimeze.